Wiki za Mwisho Kabla ya Mtihani wa Hesabu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Tunawashukuru akina mama na akina baba mlioacha kazi za shamba mkaja, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, sogeeni karibu. Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Vikundi kadhaa vimetuomba tuzungumze juu ya hesabu, hasa zile wiki za mwisho kabla ya KCSE, wakati mtoto wa Kidato cha Nne amemaliza silabasi na kilichobaki ni kudurusu.

Pengine mtu atauliza, hayo si mambo ya walimu? Ni ya walimu, ndiyo. Lakini karo ya watoto hawa imetoka wapi? Imetoka kwa kikundi. Mmechanga, mmekopeshana, mmeuza kuku na mahindi kwa miaka minne. Na mtoto wa shule ya kutwa analala nyumbani kwako, si kwa mwalimu. Wikendi yuko kwako. Kama hizo saa zitapotea, zitapotea mikononi mwetu.

Hesabu haikwepeki. Tangu matokeo ya mwaka 2023, gredi ya wastani ya KCSE inapatikana kwa masomo saba: hesabu, lugha moja, na mengine matano ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Katika lugha ana nafasi ya kuchukuliwa ile iliyo bora. Hesabu haina mbadala, hata ikiwa ni E inaingia. Na anayetaka kwenda chuo kikuu kusomea digrii anahitaji wastani wa C+, kisha kozi kama uhandisi zinaangalia gredi ya hesabu yenyewe. Alama tatu nne za hesabu zinaweza kumvusha mtoto au kumwacha ng'ambo hii.

Sasa, mtoto wetu anadurusu vipi? Wengi hufanya hivi: anafungua daftari, anasoma hesabu ambayo mwalimu alikwisha kuifanya ubaoni, anatikisa kichwa, "hii naijua", anafungua ukurasa mwingine. Saa mbili za usiku zinaisha hivyo na mafuta ya taa yanaisha. Kuelewa hesabu iliyofanywa na mtu mwingine ni rahisi sana. Kazi ni kuifanya wewe mwenyewe, karatasi ikiwa tupu mbele yako.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walisoma kifungu kimoja mara nne. Wengine walisoma mara moja tu, kisha wakajipima mara tatu bila kukiangalia. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne ndio walioshinda: walikumbuka asilimia 83, na wenzao asilimia 71. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliosoma tu asilimia 40. Hivyo vilikuwa vifungu vya maandishi, si hesabu, lakini mwalimu yeyote wa hesabu atawaambia kwamba ameyaona hayo darasani kwake. Mtoto anayesoma na kusoma tena anajisikia yuko tayari. Kujisikia huko ndiko kunakomdanganya.

Basi, karatasi za majaribio. Tunamaanisha karatasi za KCSE za miaka iliyopita na zile za moki. Za KCSE ni bora zaidi kwa kumaliza, kwa sababu moki nyingine hutungwa ngumu kupita kiasi ili kuwatisha watoto wasome, na mtoto akipata 18 anakata tamaa bure. Silabasi inayotumika katika KCSE ilianza kutahiniwa mwaka 2006. Kama mna karatasi za kabla ya hapo, maswali yake yanafaa kwa mazoezi, lakini alama zilipangwa kwa namna nyingine, kwa hivyo msizitumie kupima muda.

Hebu tuangalie muda, maana hapa ndipo watoto wengi wanaojua hesabu huanguka. Kuna karatasi mbili, na kila moja ni saa mbili na nusu kwa alama 100. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya Kwanza ina maswali mafupi 16, yote ni ya lazima, alama 50. Sehemu ya Pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, na mtoto anachagua matano. Kwa hivyo swali la alama tatu lina dakika nne na nusu, na swali refu lina dakika kumi na tano. Mtoto anayekwama dakika ishirini kwenye swali la alama tatu ameuza swali zima la alama kumi na bado amebaki na deni. Hili halifundishwi kwa kuambiwa. Linafundishwa kwa kukaa chini, saa ikiwa ukutani, na karatasi nzima mbele yake.

Na hapo ndipo mzazi anapoingia, hata yule ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule. Huhitaji kujua hesabu kusimamia karatasi ya majaribio. Unahitaji saa, meza, na moyo mgumu kidogo. Asubuhi ya Jumamosi, mtoto akiwa hajachoka, anapewa karatasi. Simu inakaa kwako. Hakuna daftari, hakuna kuuliza dada yake, hakuna kutoka nje kuangalia ng'ombe. Saa mbili na nusu zikiisha unasema, "Weka kalamu chini," na unachukua karatasi hata kama analia kwamba amebakisha kidogo. Wakiwa watoto watano au kumi kijijini, wakae pamoja katika chumba kimoja chini ya mtu mzima mmoja.

Tuseme na jingine, na akina baba tunaomba msikasirike. Msichana wa Kidato cha Nne siku ya Jumamosi huteka maji, hufua, hupika, humshika mtoto mdogo, halafu saa tatu usiku ndipo anaambiwa asome. Kaka yake amekaa na vitabu tangu asubuhi. Karo tumelipa sawa, lakini saa hatukuwapa sawa. Kwa wiki sita hizi kikundi kinaweza kupanga zamu: leo maji ya nyumba hii yanatekwa na wenzetu, kesho ya nyumba ile. Mnapalilia shamba la kila mmoja kwa zamu, mtashindwa na madebe manne ya maji?

Karatasi ikishafanywa, kazi ndiyo inaanza. Watoto wengi hufanya karatasi, hupata alama, hufurahi au huhuzunika, kisha hukimbilia karatasi nyingine. Hiyo ni kama mtu kupimwa damu, kuambiwa ana malaria, halafu akaenda kupimwa tena katika zahanati nyingine bila kumeza dawa. Karatasi moja iliyosahihishwa vizuri na kurekebishwa inashinda karatasi tano zilizokimbiliwa.

Kusahihisha kufanywe na anayejua: mwalimu wa shule, mwalimu aliyestaafu, au kijana wetu aliyepita hesabu vizuri. Atumie mwongozo wa kusahihisha, ule unaoonyesha alama zinavyogawanywa. Hapo mtoto ataona jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wachelewe: katika KCSE kuna alama za njia, mbali na alama ya jibu. Chukueni mfano mnaoufahamu. Kikundi kimekopa Sh 20,000, riba ni asilimia 10 kwa mwaka, nayo inahesabiwa juu ya riba, miaka mitatu. Watalipa ngapi? Mtoto wa kwanza anasema asilimia 10 mara tatu ni 30, kwa hivyo Sh 26,000. Huyo hajaelewa riba juu ya riba. Wa pili anaandika 20,000 × 1.1 × 1.1 × 1.1, halafu mkono unateleza anaandika 26,260. Jibu ni 26,620. Amekosa, lakini njia ameionyesha, na alama za njia atapata. Wa tatu amepiga kalkuleta kimya kimya, akaandika 26,260 peke yake. Huyo hana kitu. Na kumbuka wa pili na wa tatu wamefanya kosa lile lile.

Kwa hivyo kila alama iliyopotea iulizwe: imepotea kwa nini? Kuna ile ya kutojua kabisa, kama huyo wa kwanza. Kuna ile ya haraka haraka, kunakili tarakimu vibaya, kusahau kugeuza sentimita kuwa mita, kusoma "kipenyo" akafanya kwa nusu kipenyo. Na kuna ile ya muda, swali halikufikiwa. Dawa zake si moja. Asiyejua arudi kwenye kitabu, amtafute mwalimu, afanye hesabu tano sita za mada hiyo hiyo. Mwenye haraka ajifunze kuandika kila hatua na kurudi kukagua. Mwenye shida ya muda ajizoeze kuliacha swali na kuendelea. Tunashauri kila mtoto awe na daftari dogo la makosa, anaandika swali, alikosea wapi, na njia sahihi. Baada ya wiki moja ayafanye maswali yale yale tena kwenye karatasi tupu bila kuangalia. Akiyapata, ayapige mstari. Asipoyapata, bado anaumwa.

Daftari hilo litamwonyesha pia pa kwenda. Karatasi ya kwanza hutahini zaidi mambo ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, na ya pili mambo ya Kidato cha Tatu na cha Nne. Kama alama zinavuja kwenye karatasi ya kwanza, afukue vile vitabu vya zamani, asione haya. Wengi huhangaika na longitudo na latitudo usiku kucha na huku wanapoteza alama za sehemu na asilimia. Tena daftari litamsaidia kuchagua yale maswali matano ya Sehemu ya Pili. Anayejua kwamba grafu ni rafiki yake na uwezekano ni adui, hatapoteza dakika kumi akiduwaa.

Kwa kiasi cha karatasi, tunaona mbili kwa wiki zinatosha, ya kwanza Jumamosi moja, ya pili katikati ya wiki au Jumamosi inayofuata kwa wale wanaofika nyumbani usiku. Siku za katikati ni za kurekebisha. Na alama zisitangazwe kanisani wala sokoni. Mtoto aliyetoka 31 akafika 44 amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa kwenye 70.

Tusikwepe jambo moja chungu. Kila msimu wa mtihani wanatokea watu, siku hizi kwenye simu, wakiuza wanachoita karatasi yenyewe ya KCSE. Wazazi wanachanga. Tumesikia hata pesa za kikundi zimeguswa. Baraza la Mitihani lina sheria ya mwaka 2012: anayepatikana na hatia ya kuipata karatasi ya mtihani kabla ya wakati anaweza kufungwa hadi miaka kumi au kutozwa faini hadi shilingi milioni mbili, au yote mawili. Na mtoto anafutiwa matokeo. Nyingi za hizo karatasi ni za uongo, ni moki zilizobadilishwa kichwa. Mnakumbuka mwaka 2015 mitihani ilivuja, na watahiniwa zaidi ya 2,600 wakapata A. Mwaka 2016 ulinzi ulipokazwa, waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Mtoto aliyeahidiwa karatasi haachi tu pesa, anaacha kusoma. Hizo pesa zinunue taa ya sola na fotokopi za karatasi halali.

Wenye watoto katika Gredi ya 10, walioingia Januari 2026, hawatafanya KCSE. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio wa mwisho, nao wamepangiwa mwaka 2027. Lakini saa, meza na daftari la makosa havibagui mtihani.

Siku tatu za mwisho hakuna karatasi nzima tena. Apitie daftari la makosa, afanye hesabu chache anazoziweza, alale saa nne. Kagueni kalkuleta, iwe ya kawaida isiyo ya programu na isiyolia, betri iwe nzima, na bado ajizoeze kufanya bila hiyo, maana maswali mengine hukataza kuitumia. Seti ya jometri iwe kamili na penseli ziwe zimechongwa.

Kikundi kilicho tayari kuanza Jumamosi ijayo kiandike majina ya watoto wake kabla hatujatoka hapa, na jina la mtu mzima atakayesimamia. Chumba cha kanisa kitakuwa wazi tangu saa moja na nusu asubuhi. Fotokopi tutagawana gharama nusu kwa nusu. Saa ya ukutani mje nayo, ile yetu imesimama.