Kulea Sauti za Wanafunzi



Kamati ya Jubilei imeniomba niseme machache juu ya kuwafundisha wanafunzi kuimba. Nimekubali kwa furaha, na kwa aibu kidogo, kwa sababu nitakayoieleza.

Mwaka 1984, kabla sijaingia chuo cha theolojia, nilifundisha kwaya ya wanafunzi wa sekondari. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano. Katika sauti ya tatu alikuwapo kijana wa miaka kumi na minne, mwenye bidii kuliko wote. Alifika wa kwanza, naye ndiye aliyefuta ubao. Lakini sauti yake ilikuwa ikivunjika. Mara ilipanda, mara ilishuka, mara ilikatika katikati ya neno. Juma la mashindano nilimwambia mbele ya wenzake: "Wewe simama pale, chezesha midomo tu, usitoe sauti." Tulipata nafasi ya pili. Miaka mingi baadaye alinijia nimbatizie mtoto wake. Washarika walipoimba, nilimwona ameshika kitabu cha nyimbo, midomo inacheza, sauti haitoki.

Ndugu zangu, kijana yule hakuwa na kasoro yoyote. Mvulana anapobalehe, kikoromeo hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa kiasi cha oktava moja. Jambo hilo huchukua miezi mingi. Mwalimu anayejua kazi yake humsikiliza mwanafunzi huyo faraghani, akatafuta noti nne au tano ambazo bado anazimudu, kisha akamwandikia sehemu inayokaa ndani ya hizo. Baada ya majuma machache humsikiliza tena, maana noti zenyewe huhama. Wala hamlazimishi kunguruma ili asikike kama mtu mzima. Sauti za wasichana nazo hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwa muda husikika zenye pumzi nyingi, na haifai kuwakaripia kwa hilo.

Jambo jingine ni maneno. Nyimbo nyingi za kitabu chetu zilikuja na tuni za Kijerumani, na mara nyingi mstari wa tuni hizo huishia kwenye pigo zito. Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi wanafunzi huipigia kelele silabi ya mwisho, na neno hupotea. Nawasihi walimu: wanafunzi wayasome maneno kwanza bila tuni, kama tusomavyo somo madhabahuni, na mkono wa kiongozi ulegee pale mwishoni. (Nimewaona viongozi wanaopunga mikono kama wanafukuza kuku kwenye mtama.)

Siku hizi kijana huwekewa wimbo kwenye simu akaiga. Siikatai simu. Lakini anayeiga hujua wimbo mmoja, naye asomaye noti za solfa, zile alizozieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, hufungua ukurasa na kuimba wimbo ambao hajausikia kamwe. Hata kutunga ataweza. Mchungaji Bernard Kyamanywa alitunga Mfurahini, Haleluya mwaka 1966, akiwa bado mwanafunzi pale Makumira, na leo Wajerumani wanauimba kwa lugha yao wakati wa Pasaka. Kwa hiyo naliomba Baraza la Wazee, mbele ya Baba Askofu, lirudishe somo la solfa la Jumamosi kwa wanafunzi wetu, na linunue ubao mpya. Ule wa zamani umepasuka.

Kwaya ya wanafunzi itakayoimba sasa ina wavulana wanne ambao sauti zao zinavunjika. Mwalimu wao amewaandikia sehemu yenye noti nne tu, na amewaweka mstari wa mbele. Karibu, Mwalimu.