Dripu na Hesabu Zake

Juma lililopita nilikuwa wodini nikimwuguza mtoto wa dada yangu, aliyelazwa kwa homa kali. Nikaona dripu inadondoka polepole, nikamfokea muuguzi: "Mbona humfungulii maji yaende?" Alinitazama tu, akaendelea na kazi. Aibu ilinipata baadaye, maana habari hiyo niliisoma hewani mwenyewe mwaka 2011.

Mwaka huo yalitolewa matokeo ya utafiti wa hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali, damu haizunguki vizuri, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Baada ya saa 48, katika kila 100 waliopewa haraka, 10 au 11 walikuwa wamefariki. Wale wengine, 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

Sasa mfikirie daktari mwema, anayekesha. Amewapa watoto 10 maji ya haraka, 9 wamerudi nyumbani. Utamwambia nini? Tena katika saa ya kwanza watoto wengi zaidi wa maji ya haraka walionyesha nafuu. Macho yake hayakumdanganya. Lakini wale 3 wanaozidi katika kila 100 huwezi kuwaona ukiwa umesimama kando ya kitanda kimoja. Wanaonekana daftarini, na hapo napo mpaka pawepo kundi la kulinganisha nalo.

Asije mtu akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa kunisingizia mimi! Watoto walioishiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali.

Siku hizi nikiambiwa dawa fulani "imeponya wengi", nauliza: wangapi kati ya 100? Na wasioitumia, wamepona wangapi? Wengi hunijibu swali la kwanza, la pili wakanikunjia uso.

Mtoto ameruhusiwa juzi. Nilipokwenda kumchukua nilitaka kumwomba radhi yule muuguzi, nikakuta zamu imebadilika.