Tufahamu Neno: MKUMBO

Mazungumzo na wanakisomo



Leo tunalo neno moja tu. Neno lenyewe ni MKUMBO. Nyote mmekwisha kulisikia. Mmelisikia redioni, kilabuni na kwenye mikutano: "Yule naye anafuata mkumbo tu." Lakini mtu anaweza kulisikia neno miaka ishirini asijue lilikotoka, na siku akilitumia, akamtupia asiyestahili.

Tuanze na asili yake. Mkumbo umetokana na kukumba. Twasema mafuriko yamekikumba kijiji. Twasema njaa imeikumba wilaya, au kuku wamekumbwa na mdondo. Kitu kinachokumba hakichagui. Mafuriko hayaulizi hii nyumba ya nani. Ndugu zetu wa kando ya Ziwa Viktoria wanalijua kokoro. Ni wavu mrefu, watu wengi wanauvuta kwa kamba mpaka ufukoni. Kokoro linazoa sato mkubwa, linazoa vifaranga vyake, linazoa na majani. Ndiyo sababu Serikali ya Tanzania imelikataza. Basi ukitaka kuuona mkumbo kwa macho, ndio huo.

Sasa, neno hili tunalitumia kwa njia mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Njia ya kwanza tunasema KWA MKUMBO. "Vijana walikamatwa kwa mkumbo." Maana yake wamezolewa wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Mihogo imeibwa usiku, asubuhi kitongoji kizima kinaitwa cha wezi. Huko ni kulaumu kwa mkumbo. Lawama hapo si ya aliyezolewa, ni ya aliyezoa.

Tutoe mfano ambao wazee wanaukumbuka. Mwezi Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni lazima, na kwamba kufika mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia. Wako waliokuwa wamehamia kwa hiari yao hata kabla ya hapo. Wako pia waliopakiwa kwenye malori pamoja na vyungu vyao, na shamba likabaki nyuma na mazao. Mtu wa namna hiyo hakufuata mkumbo. Alihamishwa kwa mkumbo. Tafadhalini, mzee huyo msimkosee kwa neno moja dogo.

Njia ya pili ni KUFUATA MKUMBO. Hapa hakuna lori. Miguu ni yako mwenyewe.

Twende kwa jirani zetu wa Kenya. Miaka ya 2013 na 2014 kulizuka huko ufugaji wa kware. Kware ni ndege mdogo, yai lake dogo lina madoa. Ilivuma kwamba mayai yale ni dawa ya maradhi mengi, eti ukila umepona. Bei ikapanda. Kwa kuwa kware huhesabiwa kuwa ni mnyama pori, ilibidi mfugaji aombe kibali, na watu wakaviomba vibali hivyo kwa wingi. Wakanunua mashine za kuangulia. Wengine walitia humo akiba yao yote.

Lakini nani alikuwa akiyanunua mayai? Hapo ndipo penye siri. Mnunuzi mkubwa hakuwa mlaji. Alikuwa mtu mwingine anayetaka naye kuanza kufuga! Huyu anamwuzia yule ayaangue, yule naye anamwuzia wa tatu. Kila mtu alipokwisha kuwa na kware wake, mnunuzi akawa hayupo. Bei ikaporomoka. Mfugaji akabaki na ndege wanaokula kila siku na mayai yasiyo na pa kwenda.

Je, kufuga kware ni kosa? Hata kidogo. Tuseme palikuwa na mtu mmoja katika wale, kabla ya kutoa fedha akauliza, "Mayai haya atayala nani?" Akaenda kwenye hoteli, akapatana nayo, ndipo akafuga kwa kadiri ile. Huyo alikuwa katikati ya wengi, na alifanya kazi ileile ya wengi, wala hakufuata mkumbo. Kwa hiyo mkumbo haupimwi kwa idadi ya watu. Unapimwa kwa swali: uliuliza, au hukuuliza?

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu neno hili siku hizi limegeuzwa fimbo. Mama amempeleka mtoto kliniki kupata chanjo, amemwuliza mganga, amejibiwa, ameridhika. Njiani anaambiwa, "Nawe unafuata mkumbo!" Watu wametoka msaragambo kuchimba mtaro wa maji, aliyebaki nyumbani anawacheka kuwa ni wafuata mkumbo. Hapana, jamani. Wale wameuona mtaro una faida. Na yule anayekataa kila kitu kwa sababu tu wenziwe wa kijiweni wamekataa, yeye ndiye anayefuata mkumbo. Kukataa nako kuna mkumbo wake.

Katika darasa moja tuliulizwa swali zuri: "Mbona wahenga walisema wengi wape?" Ni kweli walisema, nasi hatulipingi. Lakini angalieni wakati wake. Wengi wape ni neno la baada ya kuhesabu. Mmezungumza, mmebishana, mmehesabiwa, walio wachache wanawaachia walio wengi. Mkumbo huja kabla ya kuhesabu, wakati ambapo wewe bado una haki ya kusimama na kusema.

Na kuna mahali ambapo haki hiyo ni mali. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni nani? Ni ninyi, wakazi wote wa kijiji mliotimiza miaka 18. Idhini hiyo ni mkono wako ukiunyosha.

Sasa amekuja mtu anaomba ardhi. Jua kali, watu wana njaa, maelezo yanasomwa mbiombio. Mmoja wa mbele ananyosha mkono na kupiga makofi. Wa pili ananyosha. Nawe unaangalia kulia na kushoto, mkono unapanda. Umeuliza ni eka ngapi? Mpaka unapita wapi? Ni kwa miaka mingapi? Njia ya ng'ombe kwenda kisimani itabaki? Mwezi ujao ukiuona uzio, si rahisi kusema ulichukuliwa kwa mkumbo. Mkono ulikuwa wako. Sisi tunaona mwenyekiti anayeharakisha mkutano ana sehemu yake ya lawama, tena kubwa. Lakini ninyi sasa mnajua kusoma. Muhtasari ombeni usomwe polepole, na asiyeelewa aseme hakuelewa. Hiyo si fitina.

Machache kuhusu lugha, tumalize. Tunasema mkumbo huu, mikumbo hii. Kumbo ni kitu kingine: ni kusukuma kwa bega, kama katika "alimpiga kumbo akaanguka". Na msichanganye mfuata mkumbo na yule wa bendera hufuata upepo. Wa bendera anajua sana anachofanya. Leo yuko huku, kesho kule, palipo na chakula. Mfuata mkumbo hajui hata safari inakwenda wapi.

Kwa juma lijalo kila mmoja aandike sentensi tatu daftarini. Ya kwanza iwe na "kwa mkumbo". Ya pili iwe na "kufuata mkumbo". Ya tatu mweleze mtu aliyekubaliana na wengi lakini hakufuata mkumbo. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo tutakayoanza kuisoma.