Mayai ya Tausi na Hesabu ya Siku

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya tausi, na hasa juu ya mayai yake. Maana wengi wamtazamao ndege huyu huvutwa na manyoya ya dume, wakamsahau jike atagaye.

Tausi si ndege wa asili ya kwetu. Kwao ni Bara Hindi na Sri Lanka. Jike huanza kutaga apatapo umri wa miaka miwili hivi, na dume hakamilishi manyoya yake marefu mpaka mwaka wa tatu. Basi anunuaye makinda leo asitazamie mayai mwakani. Dume mmoja huwatosha majike watatu au wanne. Jike hutaga yai moja, akapumzika siku moja, akataga jingine, hata yakatimia manne au sita, pengine manane.

Taabu huanzia hapo. Jike hutaga chini, mahali pa siri. Hapa Makunduchi vichaka vya maweni ni vingi, na kenge ni wengi vilevile. Tena wako kunguru, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wasiosaza yai wala kifaranga. Kwa hiyo mfuate jike kwa mbali, ukijue kiota chake, ukusanye mayai kila yatagwapo. Jike aliyeondolewa mayai mara nyingi hutaga tena.

Mayai hayo mpe kuku wa kienyeji anayeatamia. Yasizidi matano, kwa kuwa ni makubwa, na kuku mdogo hawezi kuyageuza vema. Yatie alama kwa penseli upande mmoja, na kila kuku atokapo kwenda kula, uyageuze kwa mkono wako.

Sasa nitawaambia kosa langu, mpate kujihadhari. Mara ya kwanza nilimwekea kuku mayai manne ya tausi. Siku ya 21 ikapita, ya 22 ikapita, sikusikia mlio. Siku ya 23 nikasema, haya ni viza, nikayachukua nyuma ya nyumba nikavunja moja. Ndani yake alikuwamo kifaranga hai, amekwisha kuota manyoya. Hakuishi. Nikayarudisha matatu yaliyobaki kwa haraka, na siku ya 28 wakatoka wawili. Mimi niwafundishaye watoto hesabu kila siku nilikuwa nimemhesabia tausi siku za kuku! Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. La tausi hutaka siku 28 hadi 30. Andika tarehe ukutani. Ukiwa na shaka, usivunje. Lipime yai usiku mbele ya taa.

Vifaranga wakiisha kutoka, adui yao mkubwa ni ardhi yenyewe. Minyoo ya kuku hubeba vijidudu viletavyo ugonjwa uitwao kichwa cheusi, ambao huharibu ini. Kuku huweza kuwa nao asionekane mgonjwa, lakini kifaranga cha tausi hudhoofika, hutoa kinyesi cha manjano, akafa. Kwa hiyo mpe kuku mlezi dawa ya minyoo kabla hajaatamia, wala usiwaachie vifaranga uwanja uliozoea kuku. Watengenezee tundu lenye sakafu ya fito, lililoinuka juu ya ardhi, na paa la makuti lisilovuja, maana unyevu na baridi huwaua upesi. Wape yai la kuchemsha lililopondwa, mchwa, na majani mabichi yaliyokatwa vidogo vidogo.

Wasikilizaji wangu, manyoya ya dume hupukutika kila mwaka baada ya majira ya kupandana, yakaota tena. Lakini kifaranga aliyevunjiwa yai kabla ya siku zake hana mwaka wa pili. Basi hesabuni vema, na mngoje. Kwaherini.