Pikipiki iliyopata ajali kubwa

Budondo, wilayani Jinja, bodaboda nyingi ni Bajaj Boxer kutoka India, na zilizotumika hupita mikono mingi. Iliyovunjwa na ajali huweza kuchomelewa, kupakwa rangi na kuuzwa kama nzima. Rangi huficha mengi. Pa kutazama kwanza ni shingo ya fremu, usukani unaposhikiliwa: mshono mpya wa kuchomelea, rangi iliyobanduka au mkunjo mdogo ni dalili mbaya mno. Namba ya fremu hugongwa hapohapo, nayo lazima ilingane na kadi ya umiliki. Barabarani, fremu iliyopinda huvuta pikipiki upande mmoja. Tairi na shokapu zilizoharibika huweza kubadilishwa. Lakini pikipiki yenye shingo iliyopasuka haifai kununuliwa kwa bei yoyote.