Gari Linalokula Oili: Pima, Andika, Ndipo Udai
Mada iliyotolewa kwa walaji wa Mkumbi, Wilaya ya Mbinga



Mada yetu ya leo ni gari linalokula oili. Katika milima hii ya Umatengo gari halinunuliwi kwa mshahara wa mwezi mmoja. Kwa wengi hulipiwa kwa fedha za kahawa za misimu kadhaa. Ndilo linaloleta mbolea kutoka Mbinga mjini, linalopeleka mgonjwa hospitali ya Litembo, na linalopandisha usipa kutoka ziwani. Injini yake ikifa, haifi peke yake: huondoka na ada ya mtoto na mbolea ya msimu ujao.

Sauti tatu, mwenye gari mmoja

Mwenye gari la namna hiyo hukutana na sauti tatu. Muuzaji humwambia, "Gari lililotumika ndivyo lilivyo, wewe ongeza oili tu." Fundi humwambia, "Ringi zimekwisha, tufungue injini." Muuza oili humwambia, "Weka oili nzito, litaacha lenyewe." Kila mmoja wao anaweza kuwa anasema kweli. Hata hivyo, kila mmoja ana maslahi yake ndani ya ushauri anaoutoa.

Mwenye gari naye husema nini? Husema, "Linakula sana." Neno "sana" halina uzito mbele ya muuzaji, halimsaidii fundi, na halisimami mahakamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ndilo tunalotaka mwondoke nalo leo: kabla ya kulipa, kabla ya kulalamika na kabla ya kufungua injini, pima, kisha andika.

Oili inakwenda wapi

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, nayo imezungukwa na ringi. Ringi za juu huzuia moto na mgandamizo visipite kwenda chini. Ringi ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha kwenye sampo kupitia matundu madogo. Matundu hayo yakizibwa na masizi, au ringi ikikwama kwenye mfereji wake, oili hubaki ukutani na kuungua pamoja na petroli au dizeli.

Njia ya pili ni sili za valvu. Sili hizo hukauka na kuwa ngumu kwa miaka mingi ya joto, na oili ikapenya kutoka juu. Njia ya tatu ni valvu ndogo inayoipumzisha injini, ambayo ikiziba husukuma oili kwenye njia ya hewa. Kwenye injini zenye tabo, tabo iliyochakaa nayo hupitisha oili. Njia ya mwisho si kuungua kabisa, bali ni kuvuja: gasketi imechoka na oili inadondoka chini.

Barabara zetu zina mchango wake. Msimu wa kuvuna kahawa ndio msimu wa vumbi. Kichujio cha hewa kikitoboka au kikikaa vibaya, vumbi huingia kwenye silinda na kusaga ringi. Aidha, gari linaposhuka mteremko mrefu kwa gia, dereva akiwa ameachia moto, injini huvuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia sili na ringi zilizochoka. Ndiyo maana mwenye gari anayesafiri kati ya Mbinga na Mbamba Bay anaweza kuuona ugonjwa huu mapema kuliko mkazi wa tambarare.

Wenzetu walivyolimaliza

Wapo wanaodhani tatizo hili ni la magari yaliyochakaa tu, au ni la wanunuzi maskini. Sivyo. Nchini Marekani, wamiliki wa magari ya Toyota yenye injini ya 2AZ-FE ya ujazo wa lita 2.4, yakiwamo Camry za mwaka 2007 hadi 2009 na baadhi ya RAV4, walilalamika kwamba magari yao yalikuwa yakimaliza oili kabla ya muda. Hatimaye kampuni iliweka mpango maalumu wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyothibitika. Kampuni ya Subaru nayo, mwaka 2016, ilifikia suluhu ya kesi ya wamiliki kuhusu baadhi ya injini zake, na muda wa dhamana ukaongezwa.

Tuangalie jinsi gari la Toyota lilivyothibitishwa. Mmiliki hakuulizwa ameudhika kiasi gani. Oili ilijazwa hadi alama, gari likaendeshwa maili 1,200, yaani kilomita 1,900 hivi, kisha likarudishwa kupimwa. Lililopunguza zaidi ya kwati moja, ambayo ni pungufu kidogo ya lita moja, lilihesabiwa kuwa na kasoro.

Injini ya 2AZ-FE imefika pia katika nchi yetu ndani ya magari yaliyotumika, kama Harrier, Kluger na Alphard. Si kila gari lenye injini hiyo ni bovu, na mpango ule wa Marekani haukuyahusu magari yaliyoletwa huku. Kilichovuka bahari na kutufaa ni kile kipimo.

Namna ya kupima

Kipimo hiki hakihitaji gereji. Kinahitaji kitambaa safi, kopo la oili lenye alama za ujazo, kalamu na daftari.

Kwanza, simamisha gari mahali palipo sawa. Hapa kwetu kwenye miinuko hilo si jambo dogo. Chagua mahali pamoja na upatumie kila mara. Injini ikiwa imepata moto, izime na usubiri kama dakika kumi ili oili ishuke.

Pili, chomoa kijiti cha kupimia, ambacho mafundi hukiita dipstiki. Kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena na usome. Ongeza oili mpaka ifike alama ya juu, wala usiipite, kwa maana oili iliyozidi nayo hudhuru injini. Andika tarehe na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

Tatu, endesha kama kawaida. Pima kila wiki, na kabla ya safari ndefu. Kila unapoongeza, andika umeongeza kiasi gani na kwenye kilomita ngapi.

Nne, ukifikisha kilomita 1,000, jaza tena hadi alama ya juu na ujumlishe oili yote uliyoongeza. Kutoka Mbinga hadi Songea ni takriban kilomita 100. Safari tano za kwenda na kurudi zinatosha. Kama umeongeza mililita 400, gari lako linakula lita 0.4 kwa kilomita 1,000. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa lita moja kwa kilomita 1,000, ingawa injini yenye afya hutumia kiasi kidogo mno kuliko hicho. Sasa huna tena haja ya kusema "sana". Una namba.

Tunasisitiza jambo moja la usalama. Taa nyekundu ya oili si kipimo cha wingi wa oili. Huwaka pale msukumo wa oili unapopotea, na kwa wakati huo vyuma vinaweza kuwa vimeanza kusagana. Anayeingoja taa ndipo aongeze oili, huiongezea injini ambayo pengine imekwisha kunoki. Taa ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini papo hapo. Usijikaze kufika kijiji cha mbele.

Dalili zinazosaidia kuamua

Pamoja na namba, andika moshi unaouona. Moshi wa bluu ni wa oili. Ukitoka asubuhi wakati wa kuwasha, kisha ukapotea, shuku sili za valvu. Ukitoka chini ya mteremko, pale unapokanyaga moto tena, shuku pia sili hizo, na pengine ringi. Ukitoka muda wote gari linapopanda mlima na mzigo, shuku ringi. Moshi mweusi ni wa mafuta yasiyoungua vizuri, na moshi mweupe mzito usiokwisha waweza kuwa wa maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.

Msidanganyike na gari lisilotoa moshi. Gari linaweza kula oili kidogo kidogo bila moshi kuonekana kwa macho. Hapo daftari huona kuliko jicho.

Kabla ya kufungua injini

Kufungua injini kuwe hatua ya mwisho, si ya kwanza. Laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha; likilowa oili, tafuta panapovuja. Mwombe fundi akague valvu ya kupumzishia injini, kwa kuwa kuibadilisha ni gharama ndogo ukilinganisha na ringi. Kagua kichujio cha hewa.

Kisha mwombe apime kompresheni ya kila silinda. Ikisoma chini, aweke oili kidogo ndani ya silinda hiyo na kupima tena. Ikipanda, tatizo huelekea kwenye ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, huelekea kwenye valvu. Hata hivyo, kompresheni nzuri haimaanishi kwamba ringi ya oili ni nzima, kwa sababu huweza kukwama huku ringi za juu zikifanya kazi. Ndiyo maana majibu ya fundi yasomwe pamoja na daftari lako.

Kuhusu oili nzito, tumieni daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili nzito huweza kupunguza ulaji kwa muda, lakini haifungui ringi iliyokwama. Katika baridi ya asubuhi za Juni na Julai hapa milimani, oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika sehemu za juu za injini, na hapo huharibu zaidi. Nunueni oili yenye lakiri kamili kwenye kifuniko, na mdai risiti. Oili chakavu iliyosafishwa rangi na kutiwa kwenye kopo la jina kubwa ni bidhaa bandia, na biashara hiyo imekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Mkikubaliana na fundi kufungua injini, andikeni makubaliano: kazi gani, vipuri gani, bei gani, na atarudia kazi kwa masharti gani. Dai vipuri vya zamani, kwa kuwa ni mali yako na ni ushahidi wako. Ukiletewa injini nyingine ya mtumba, hakikisha ina nyaraka, na kwamba namba yake inarekebishwa TRA, kwa sababu namba ya injini imo kwenye kadi ya gari.

Unaponunua na unapodai

Unapokwenda kununua gari, fika kabla halijawashwa. Ukikuta injini ina moto, uliza kwa nini. Kagua kijiti cha oili, tazama bomba la moshi wakati wa kuwasha, kisha panda nalo mlima na ushuke nalo. Muulize muuzaji mara ya mwisho aliongeza oili lini na kiasi gani, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba juu ya sahihi yake.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze bidhaa yenye ubora unaostahili. Lakini mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo, kagua kweli, si kwa kuzunguka gari na kupiga matairi teke. Nayo Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mtu binafsi anayeuza gari lake habanwi kwa kiwango kile kile, na ndiyo maana maneno yake yaliyoandikwa yana thamani kubwa.

Ukigundua kasoro, usisubiri msimu upite. Mwandikie muuzaji barua, ambatisha nakala ya daftari na risiti, eleza unachotaka (matengenezo, punguzo au kurudishiwa fedha), na umpe siku za kujibu. Asipojibu, nenda kwa Afisa Biashara wa halmashauri akuelekeze, au peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Njia ya mahakama nayo iko wazi. Popote utakapokwenda, swali la kwanza litakuwa: una ushahidi gani?

Ndugu zetu, mnajua uzito wa kahawa yenu kabla haijatoka nyumbani, na hamkubali mizani ya mtu mwingine bila kuisoma. Gari lililonunuliwa kwa kahawa hiyo linastahili uangalifu ule ule. Daftari la kurasa chache, likiwekwa kwenye gari pamoja na kalamu, linatosha kuanza. Jioni ya leo, gari likishapoa kidogo mahali palipo sawa, chomoa kijiti, soma, na uandike mstari wa kwanza.