Kofia Kuukuu na Faroma



Chama changu kimeniamuru niseme maneno machache juu ya kazi yetu ya kufufua kofia kuukuu. Wengi wenu mmetuona hapa Goba, karibu na Njia Nne, tukifukiza kofia juu ya birika, na yamkini mmejiuliza kama hiyo nayo ni kazi ya kuundiwa ushirika. Nathubutu kusema ni kazi, tena ina hatari zake.

Kofia ninazozinena ni zile za pama ambazo hazikushonwa wala kufumwa. Hutengenezwa kwa sufu ya kondoo au manyoya ya sungura, yaliyoloweshwa kwa maji ya moto na kushindiliwa hata yakashikamana. Sisi huzipata katika marobota ya mitumba huko Karume, zimebonyea, kingo zimepinda, nyingine zimetobolewa na nondo. Mvuke huzilegeza, mkono huzipa umbo, na zikipoa juu ya faroma hushika umbo hilo. Faroma, kile kichwa cha mti, watu wa pwani wanakijua tangu zamani, maana kofia ya viua ikisha kufuliwa huvikwa humo isije ikasinyaa. Hatukubuni kitu, tulimwomba seremala atuchongee za vipimo mbalimbali.

Sasa nawaungamia kosa langu. Katika mwaka wetu wa tatu mzee mmoja alituletea kofia ya marehemu baba yake, askari wa K.A.R. aliyekwenda Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ilikuwa na madoa ya jasho. Fundi hakuwapo, nami katibu, mtu wa daftari, niliona haya kumwambia mzee arudi kesho. Nikaitia kofia katika maji yanayochemka, nikaisugua kwa sabuni. Sikujua ya kwamba joto, maji na msuguano ndivyo vilivyoishikamanisha sufu hapo kwanza, na vikirudiwa huzidi kuibana. Nilipoitoa, ilimtosha mtoto wa miaka sita.

Mzee hakunigombeza. Aliigeuzageuza, akauliza kama kofia huweza kurudi. Tuliivuta juu ya faroma siku mbili. Ikarudi kidogo, kisha ikapasuka ukingoni.

Mkutano wa wanachama uliamua nimlipe nusu na chama kilipe nusu, ingawa bei ya kofia ya baba wa mtu sijui hupimwaje. Tangu siku hiyo hapana apokeaye kofia pasipo fundi kuwapo. Mzingo wake hupimwa mbele ya mwenyewe na kuandikwa daftarini, na doa hufutwa taratibu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kofia hukaushwa kivulini. Wako wanaosema daftari hilo linatuchelewesha. Mimi sikubali.

Liko na jambo la zebaki. Zamani, katika viwanda vya Ulaya na Marekani, manyoya ya sungura yalipakwa dawa ya zebaki ili yashikamane upesi, na mafundi wengi wakapatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Marekani ilikomesha desturi hiyo mwaka 1941. Kofia kuukuu za manyoya zaweza kuwa na mabaki yake hata leo. Ndiyo sababu tunafukiza nje barazani, hata wakati wa masika, wala si kwa kukosa nafasi kama majirani wanavyodhani. Chama Kikuu kimetupa chumba, nasi tunashukuru sana. Lakini tunaomba kiwe ghala, na kazi ya mvuke ibaki barazani. Najua wajumbe wengine wangependa tuonekane nadhifu zaidi siku ya wageni. Heri tuonekane ovyo.

Ile kofia mzee aliichukua. Mpasuko tuliushona bila malipo, na mjukuu wake huivaa siku za sikukuu. Hupita nayo mbele ya ofisi yetu, nami hujifanya nasoma daftari.